Mwani Mpauko wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu. Chakula aligawa, nguo aligawa, na muda wake aliwapa hata watu ambao mimi ningewafungia mlango. Lakini mwani wake mpauko hakumpa mtu, na kwa hilo alikuwa na mkono wa birika kwelikweli. Aliutunza kwenye kabati lenye taa katika maabara ya chuo, kabati akalitia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Akiinama kuosha vyombo nyumbani, ufunguo ule ulikuwa ukigonga masufuria.

Ungeuona huo mwani wenyewe, ungecheka. Ni mwani wa chembe mojamoja, ndogo hata jicho haliwezi kuiona moja, ila zikizaliana juu ya kisahani chenye rojo lililoganda huonekana kama vidoa. Vidoa vya mwani wa kawaida huwa kijani kibichi. Vya shangazi vilikuwa na rangi ya jani lililofunikwa na ndoo siku kadhaa, kijani kinachoelekea kuwa manjano. Aliuita Mnyonge, na kila mwezi aliuhamishia kwenye kisahani kipya kwa mkono wake mwenyewe, akikwangua kidogo kwa kitanzi cha waya alichokichoma motoni kwanza. Kisahani kipya kikishashika, cha zamani alikitupa.

Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na habari za Mnyonge nilizipata jikoni kabla sijajua kuandika vizuri. Baadaye nilisomea kazi hiyohiyo chini yake, nikaajiriwa chumba cha pili kutoka chake, lakini yale maelezo ya jikoni sijapata kusikia mengine yaliyoyashinda. Ndani ya kila chembe, alisema, kuna kijichumba cha kijani kinachoitwa kloroplasti, na ndani yake kuna tando zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kwenye tando hizo ndipo nuru ya jua inapokamatwa. Wanaoikamata ni protini, lakini nyingi kati ya hizo hazizaliwi humo. Zinatengenezwa nje, kisha zinasafiri. Kila moja inatoka na kipande cha anwani kichwani. Kwenye lango la kuta mbili zinazokizunguka kijichumba hicho anwani inasomwa, protini inanyooshwa kama uzi na kupitishwa, na ikiwa ndani anwani inakatwa kwa sababu haina kazi tena.

Watu wengi wanadhani safari imeishia hapo. Kumbe bado. Zile protini za kukamata nuru hazipatani na maji, na mle ndani ni maji matupu mpaka uufikie utando. Zikiachwa peke yake zinagandana na kuwa takataka. Lazima awepo wa kuzipokea pale langoni, azibebe, azifikishe kwenye utando na kuzikabidhi kwa mwenyeji wa pale anayezipachika mahali pake.

"Mgeni kashaingia getini," shangazi angesema huku akimenya viazi, "lakini hakuna wa kumpeleka sebuleni. Anakaa uani mpaka anaharibika."

Huyo ndiye Mnyonge. Protini zake zilitengenezwa vizuri, zikapita lango vizuri, anwani zikakatwa, kisha zikaishia uani. Ndiyo maana alipauka. Na wabebaji wote wanaojulikana kwenye vitabu shangazi aliwapima mmoja baada ya mwingine, akawakuta wazima. Maana yake kulikuwa na mbebaji mwingine ambaye hakuna aliyemjua, naye kwa Mnyonge alikuwa ameharibika. Shangazi alitaka kumjua mbebaji huyo kabla hajafa. Hakuolewa, hakuzaa, hakujenga nyumba ya maana, na sijawahi kumsikia akiyalilia hayo. Hili moja alilitaka.

Zamani halikuwa jambo rahisi. Ilibidi kubahatisha, kujaribu kipande hiki cha urithi na kile, na miaka inakwenda. Wenzake waliandika barua kumwomba nao wajaribu. Hakuwajibu vibaya, aliwajibu kwa adabu tu kwamba Mnyonge hajambo na hatoki. Alikuwa na hofu kwamba mtu mwenye mashine nzuri na wanafunzi wengi angemfikia yule mbebaji kabla yake, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini kuna hifadhi za mwani ambako unapeleka nakala inatunzwa, na huko pia alikataa. Nilimshauri tuugandishe basi, tuuweke kwenye baridi kali hapahapa chuoni. Mume wangu ni fundi majokofu, na shangazi alimtazama kwanza yeye ndipo akanijibu mimi.

"Majokofu yanakufa," alisema. "Mumeo anakula kwa sababu yanakufa."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai, na mimi nikashindwa hoja mezani kwangu mwenyewe.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote tulimwita Mrefu, kwa sababu ambayo kila fremu ya mlango chuoni ilikuwa inaijua. Alikuwa na mikono mitulivu na subira ya ajabu, na alimwita shangazi Mwalimu kwa namna ambayo ilinitia wivu kidogo, nakiri. Wakati ule kabati halikuwa na kufuli. Mrefu alikuwa akiwasha taa, akipima joto, akimtazama Mnyonge kila asubuhi. Alipopata kazi mji mwingine, kwenye maabara kubwa, alimwomba shangazi kisahani kimoja tu aende nacho. Shangazi akakataa. Akaomba tena wiki ya mwisho, akakataliwa tena, na safari hii kwa sauti iliyowafanya watu waliokuwa koridoni wapunguze mwendo.

Siku ya kumuaga tulifanya chai maabarani. Ilipofika wakati wa kuondoka, shangazi akaenda kusimama mlangoni, akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya uaminifu, juu ya kazi ya mtu kuwa jasho lake, juu ya jinsi mwalimu asivyoweza kumpekua mwanafunzi mifukoni bali humwachia moyo wake umpekue. Ilikuwa hotuba ndefu. Miguu yake siku hizo ilikuwa ikivimba, nikamletea kiti, nikakiweka karibu na meza ya chai. Akakikataa kwa kutikisa kichwa, akaendelea na hotuba akiwa wima pale mlangoni. Tulidhani ni majonzi ya kuagana, kwamba anashindwa kumwachia mwanawe aende zake. Baadaye Mrefu akasema amesahau mwamvuli ndani, akarudi chumba cha kabati, akatoka na mwamvuli, akamshika shangazi mkono kwa mikono yake miwili, na shangazi akampisha.

Kufuli likanunuliwa wiki iliyofuata. Sababu hatukuambiwa, na kwa jinsi nilivyomjua sikuuliza.

Miaka ikapita. Shangazi akastaafu, lakini chuo kilimwachia chumba chake na kabati lake, kwa heshima na pia kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia atoke. Alianza kugombana na vitu. Hadubini ina ukungu, akaitwa fundi kuisafisha, akaisafisha, bado ina ukungu, akaitwa fundi mwingine. Kuta za nyumba yangu zimechakaa, tupake rangi. Siku moja tulipokuwa tukila alimuuliza mume wangu kwa nini mtu mzima anavaa shati lililogeuka manjano namna ile, kwani mkewe hafui.

Shati lilikuwa jeupe. Lilikuwa jipya, lina mikunjo ya dukani bado.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba tatizo limemjia polepole kiasi kwamba mwenyewe hakulihisi. Alitueleza kuwa lenzi ya jicho ikishafubaa hivyo, dunia yote huonekana kwa ukungu na yenye umanjano, kama mtu anayetazama kupitia chai ya rangi. Angefanyiwa upasuaji jicho la kushoto kwanza, la kulia baadaye. Shangazi alipinga. Alisema anaona vya kutosha kuwajua wajinga. Mume wangu akamtania kwamba sasa ana watoto wawili, wa jicho na wa kabati, na mmoja lazima ahame.

Kilichomlainisha hakikuwa maneno yetu. Ni kwamba maabara moja yenye mashine ya kusoma urithi wote wa kiumbe, herufi kwa herufi, ilikubali hatimaye kumsoma Mnyonge, na jina la kwanza kwenye matokeo liwe la shangazi. Kile alichokitafuta miaka yote kwa kubahatisha kingeonekana chenyewe. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua kidoa kimoja safi chini ya hadubini na kukituma. Na kwenye hadubini, alikiri sasa kwa sauti ya chini, haoni vizuri.

"Wanipasue hilo jicho moja," alisema. "Nikishaona, nitamchagua mwenyewe."

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alimwambia avue vitu vyote vya shingoni. Ungedhani ameambiwa ang'oe jino. Aliushika ule ufunguo muda mrefu, kisha akaniita, akanitia mkononi, na kunifunga vidole juu yake. Mwezi umefika, alisema, nimhamishe Mnyonge, nisikwangue sana, nisichague kidoa cha pembeni, nisiongee karibu na kisahani. Nilikuwa nimehamisha mwani maelfu ya mara. Niliitikia kama mtoto, na nitasema ukweli, nilifurahi. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuaminiwa ufunguo ule.

Alipotoka salama chumba cha upasuaji, na kiziba cha jicho kimefungwa, nilimwacha na mume wangu nikaenda chuoni. Nikafungua kufuli. Taa za kabati zilikuwa zinawaka, visahani vimepangwa kwa unadhifu wake wa kawaida, kila kimoja na mwandiko wake uliokuwa umekua mkubwa siku hizi. Nikavuta cha kwanza.

Kilikuwa kijani. Kijani kibichi, kile cha mwani wa kawaida, hakuna jani wala ndoo. Nikavuta cha pili na cha tatu. Nikadhani nimefungua kabati si lake. Nikatoka koridoni, nikasoma namba ya mlango, nikarudi.

Aliye na kazi hii ataelewa bila kuelezwa, na asiye nayo nitamweleza haraka. Mwani wa kawaida unakua haraka kuliko mpauko. Chembe moja tu ya kawaida ikidondokea kwenye kisahani, kutoka hewani, kutoka kwenye mkono wa nguo, baada ya muda itakuwa doa zima la kijani katikati ya yale yaliyofifia. Si jambo kubwa. Unaliona, unaliepuka, unakwangua pembeni yake. Kazi nzima ya kumtunza Mnyonge ilikuwa hiyo, kuchagua kilicho kinyonge na kuacha kilicho kizuri, mwezi baada ya mwezi. Lakini kwa macho yaliyofunikwa na umanjano, kila kidoa kwenye kisahani kilikuwa kimefifia. Shangazi alimwona Mnyonge kila alipotazama. Akakwangua kilichostawi, akatupa kisahani cha zamani, akafunga kufuli.

Sikutaka kuamini. Nilikwangua kidogo, nikauchemsha mwani kwenye spiriti mpaka rangi ikatoka, nikaipima rangi hiyo kwenye mashine kando ya mwani wa kawaida wa maabara yangu. Hapakuwa na tofauti. Nilijaribu vidoa vingine, kimoja kimoja, majibu yakawa yaleyale. Nikaketi kwenye sakafu ya chumba kile na nikakasirika. Nilimkasirikia shangazi kwanza, nisidanganye. Nilimkasirikia kwa ufunguo wake na kwa adabu yake ya kukataa watu, na kwamba jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeliona kwa kutupa jicho halikuonwa na yeyote kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutupa jicho. Hasira ilipopoa nilibaki na huzuni tu, na hiyo haikupoa.

Nyuma kabisa ya kabati, chini ya boksi la glavu, nilikuta chupa moja ndogo ya zamani ambayo bila shaka aliisahau. Rojo lilikuwa limekauka na kuwa kama ganda la kitunguu, na juu yake kuna utandu wa rangi ya kahawia. Nilimimina maji ya chakula cha mwani, nikaiweka kwenye mwanga hafifu, na kuanzia hapo sikuwa na usingizi wa maana. Daktari alikuwa amesema kiziba cha jicho kitolewe mapema, lakini shangazi asikae kwenye vumbi wala asifanye kazi ya kuinama mpaka arudi kliniki kukaguliwa. Huo ndio muda niliokuwa nao.

Nyumbani alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kiziba kilipotoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kumtazama mume wangu na kumwomba radhi kwa habari ya shati. Cha pili, alinitazama mimi na kusema nimezeeka. Alipita nyumba nzima akitaja rangi. Bluu ya ndoo, aliigundua upya. Alikuwa anaziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, akilinganisha, akicheka peke yake jinsi lile la kulia lilivyoifanya bafu nyeupe ionekane kama imepikiwa maharage. Mnyonge hajambo? aliniuliza kila siku. Nikasema hajambo. Sikujua niseme nini kingine.

Chupa ikachipua. Asubuhi moja niliiinua kwenye taa, nikaona maji yameanza kuwa na ukungu, ukungu uliofifia kabisa, manjano-manjano. Nilimpigia mume wangu simu nikiwa nalia. Lakini mwani wowote ukiwa mchache huonekana umefifia, hilo nalijua na siku ile nilijisahaulisha. Kila nilipokwenda kuitazama ilikuwa imekolea kidogo. Mwishoni ilikuwa kijani kibichi, na nikaimwaga mwenyewe kwenye sinki baada ya kuiua kwa klorini.

Ndipo nikampigia Mrefu. Sikuwa nimeongea naye muda mrefu. Sasa alikuwa mkuu wa maabara yake, sauti imekuwa nzito, lakini aliniita dada kama zamani na akaanza na kumuulizia Mwalimu, macho yake, miguu yake. Nilimweleza yote.

Nilimuuliza moja kwa moja kama aliwahi kuiba. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa naomba Mungu mtu awe mwizi.

"Niliiba, dada," alisema. "Siku ya kuniaga. Nilitia kisahani kwenye mfuko wa koti, nikalivaa koti hilo kwenye joto lile. Nikafika mlangoni, Mwalimu anaongea. Anaongea juu ya uaminifu, ananitazama vizuri kabisa, kwa upendo. Nikajiona mshenzi. Mwamvuli sikuusahau, nilirudi kukiweka."

Nilimuuliza kama hata tone halikubaki, kama hakugusa, kama hakukwangua kidogo ukutani mwa mfuko. Hakubakiza kitu. Alilifua koti lile siku hiyohiyo, alisema, kwa aibu. Kisha akasema jambo ambalo nimekaa nalo tangu siku ile, kwamba hakuwahi kujutia uaminifu wake mpaka simu hii, na kwamba nisimwambie Mwalimu, atajisikia vibaya kujua mwanafunzi wake alitaka kumwibia. Nikaahidi. Ilikuwa ahadi ya juu juu, sikuwa nimeifikiria.

Siku ya kliniki daktari alimsifu. Jicho limepona vizuri, la kulia lifuate. Nilikuwa nimepanga kumwambia nyumbani, baada ya chakula, mume wangu akiwepo, nimshike mkono. Lakini tulipoingia kwenye teksi shangazi akamwambia dereva twende chuoni, akaniinulia kiganja kabla sijafungua mdomo. Njia nzima alikuwa anasoma mabango ya barabarani kwa sauti. Kwenye ngazi za jengo nikamwambia, shangazi, kuna jambo. Akasema nitamwambia akishamwona mtoto wake. Akaninyoshea mkono, nikampa ufunguo.

Alifungua kufuli bila kupapasa, akajisifu kwa hilo. Akavuta kisahani cha juu, akakiinua kwenye taa, na sikuhitaji kumwambia chochote. Alikishusha. Akavuta kingine. Alivipitia vyote, polepole, kama alivyonifundisha mimi, akivirudisha kila kimoja mahali pake.

"Huyu siye," alisema.

Nikamweleza. Nilimweleza upimaji, spiriti, chupa ya nyuma ya kabati, ganda la kitunguu lililochipua na kunidanganya. Nilimweleza jinsi umanjano wa jicho ulivyomponza. Nilijaribu kusema kwamba ingeweza kumtokea mtu yeyote. Hakuwa ananisikiliza, au alikuwa ananisikiliza na nusu tu ya akili. Alichukua kisahani kimoja tena, akakiweka mbele ya uso, na akaliziba kwa kiganja jicho lake jipya. Akakitazama kwa lile la zamani muda mrefu.

"Kwa hili bado yupo," alisema.

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa taarifa. Kisha akakiweka chini, akavuta kiti, akaketi, na nikaona ghafla jinsi alivyo mdogo wa umbo. Mashine ile ingesoma nini sasa? Ingesoma mwani wa kawaida, usio na kasoro, ambao watu wameshausoma. Yule mbebaji asiyejulikana alikuwa anafanya kazi yake vizuri ndani ya kila kidoa kilichokuwa mbele yetu, na kwa kuwa anafanya kazi hakuna namna ya kumjua. Nilimwona shangazi akilifikia wazo hilo mwenyewe, maana alifumba macho yote mawili.

Baadaye akauliza kama nimempigia Mrefu. Nikasema ndiyo.

"Anaye?"

Sijawahi kumsikia akiuliza kitu kwa namna ile. Alikuwa anaomba. Na mimi, ahadi yangu ikanitoka mdomoni, kwa sababu nilitaka ajue angalau kwamba alipendwa. Nilimwambia kwamba Mrefu alitia kisahani mfukoni siku ile ya chai, akafika nacho mlangoni, akamsikiliza akizungumza, akashindwa. Nilimwambia habari ya mwamvuli. Nikamwambia kwamba alirudisha kwa heshima yake. Nilidhani nampa habari mpya.

Shangazi alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa anatazama mlango, si mimi.

"Nilimwona akitia," alisema. "Mfuko ulivimba. Unadhani nilisimama pale kwa nini?"

Kufuli lilikuwa bado linaning'inia kwenye kitasa cha kabati, na ufunguo ndani yake, na hakuna aliyekuwa na haja ya kulifunga. Nilichutama mbele yake nikamshika miguu, iliyokuwa imevimba tena kwa zile ngazi, nikaanza kumvua viatu kwa kukosa kitu kingine cha kufanya.

"Uliniletea kiti," alisema, akiwa bado anautazama mlango. "Na miguu ilikuwa inaniuma kweli, mwanangu. Ningekaa tu, angepita."